Zamu Yetu kwenye Ndiva

Miaka ile ya Mwingereza, watu wa upande wetu wa Chome walinisifu sana kwa uchapakazi, nami nilizipenda sifa hizo kuliko chakula. Mume wangu alikuwa fundi wa reli kule Same, akija nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo shamba lilikuwa langu, watoto wangu, na ng'ombe vilevile. Siku ya gulio niliteremka Same na mkungu wa ndizi kichwani, nikapanda tena mlima na chumvi na mafuta ya taa. Bwana shamba wa Kizungu alipoamuru tuchimbe matuta, nilichimba. Jioni niliwashonea watu nguo kwa cherehani barazani. Jumapili niliongoza kwaya ya akina mama, maana hapakuwa na mwingine mwenye sauti ya kuwashinda wale wa safu ya nyuma waliopenda kuimba wanavyotaka wao.

Jambo moja sikumwambia mtu. Tangu tumzike mama mkwe wangu, sala ilikuwa imenikauka. Maneno niliyajua yote, niliyasema bila kukosea, huku moyo uko shambani kwenye maharage. Nikilala, kifua kilidunda kana kwamba nimetoka kupanda mlima. Mganga wa zahanati alinipima akasema sina ugonjwa, nikamkasirikia, maana nilitaka dawa. Kwa kweli niliogopa. Niliwafundisha wenzangu kumsifu Mungu, na mimi mwenyewe sikuwa na neno la kumwambia. Nilijiuliza kama litanirudia, au ndiyo basi.

Huyo mama mkwe alikuwa mtu wa polepole. Tuliishi naye nyumba moja, na kazi aliyoipenda ilikuwa kwenda kukaa kwenye ndiva. Kwetu Upare, kijito kikipita tu hakitoshi kumwagilia shamba. Tunakikusanya kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo, na likijaa mwenye zamu huzibua tundu akaongoza maji hadi kwake. Ukizibua kabla halijajaa ni kazi bure, maji yote yananywewa na mfereji njiani. Basi lazima mtu akae angoje. Mimi kungoja kulinishinda tangu utoto. Zamu yetu ilipofika, mama mkwe alichukua jembe lake akaenda, akarudi uso umetulia, nami nikisema moyoni kwamba hata mimi ningetulia kama ningepewa kutwa nzima ya kutazama maji.

Kiangazi cha kwanza baada ya kifo chake, zamu yetu iliangukia Jumapili. Maharage yalikuwa yametoa maua, hayakuweza kusubiri. Kumwachia mtu mwingine kwaya yangu kuliniuma kama kung'olewa jino. Nilikwenda na jembe, na juu yake nikabeba mashati ya wateja ya kupinda, kwa sababu sikuwa mtu wa kukaa bure. Wenye zamu ya alfajiri walikuwa wamekwisha kutumia maji yao, bwawa likabaki tope. Nikaziba tundu kwa kipande cha mgomba na udongo, nikaketi kushona. Kengele ya kanisa, ile ya kipande cha reli, ilipolia ng'ambo, nilianza kuimba nyimbo zote za siku hiyo, sauti ya kwanza na ya pili, nikiwasahihisha watu ambao hata hawakuwapo.

Nilipoinua macho, jua lilikuwa limepanda na maji hayajapanda. Kizibo kilikuwa kinavuja. Aliyeizoea ndiva hasubiri kuona, husikia mchirizi upande wa chini akajua, lakini mimi nilikuwa naimba. Niliingia topeni hadi magotini, nikaziba upya kwa mikono. Nilipotoka nilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko, singeweza kugusa shati jeupe la mtu. Kuimba nako sikuweza, maana sasa ilinibidi nisikilize kizibo.

Basi nikakaa. Mwanzoni niliukasirikia mgomba, nikamkasirikia mume wangu aliyeko Same, nikaikasirikia na kwaya kwa kuimba bila mimi. Kisha hasira ikachoka yenyewe. Nikasikia kijito kikiingia bwawani, kidogo kidogo, bila kuacha. Nikasikia pumzi yangu. Kifua kilikuwa kimeacha kudunda, na nilipong'amua hivyo nikasema kwa sauti, "Mama," mtu mzima mimi, nikaanza kulia. Msibani sikulia, nilikuwa nahangaikia wageni. Nililia mpaka nikatosheka, ndipo nikasema, "Bwana, nimechoka." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu mazishi. Hakikutokea kitu cha kusimulia kanisani. Nilijua tu kwamba kuna anayenisikia, na nikafurahi sana.

Kwa ajili ya ule mvujo, zamu yangu ilikwisha bwawa halijajaa. Aliyenifuata alikuwa mjane mmoja jirani yetu, mwanamke mkali ambaye kwa habari ya maji alikuwa hamwogopi hata jumbe. Nikamwamkia, nikamweleza yaliyotokea, nikajiandaa kwa ugomvi. Aliyatazama macho yangu mekundu, akaweka jembe lake chini na kuketi.

"Mkweo alikuwa akikaa hapo hapo," alisema. "Siku moja nilimcheka. Nikamwuliza kwa nini hamtumi mke wa mwanawe mwenye nguvu. Akaniambia, 'Yule hana nafasi ya kukaa mbele za Mungu. Basi mimi nakaa kwa ajili yake.'"

Tulikaa wawili mpaka maji yakafika ukingoni, ndipo akaniambia nizibue mimi, maharage yangu yako kwenye maua, mahindi yake yangengoja jioni. Niliyafuata maji yale mfereji mzima nikiwa na jembe, miguu peku, mashati nimeyasahau juu ya jiwe.

Kazi hazikupungua baada ya siku ile. Gulio lilibaki, matuta yalibaki, na safu ya nyuma iliendelea kuimba inavyotaka. Lakini zamu zetu za ndiva nilizishika mwenyewe, na mashati sikuyabeba tena.

Sasa mama mkwe ni mimi. Mke wa mwanangu ni mwalimu, tena ana biashara yake ya vitenge Same, na shikamoo yake hunifikia yeye akiwa ameshafika njiani. Huniona mvivu. Nayaona hayo usoni mwake, nacheka peke yangu. Zamu yetu ikifika simsumbui. Nachukua jembe, naenda kukaa kwa ajili yake.