Viti Sita na Plastiki Yake

Jirani wa Lorene hukunja kona za kitambaa kama anayemfunga mtoto nepi, ncha ya ulimi ikichungulia nje, kisha pini ya stepla inaingia kwenye mbao ya kiti, ta! Huanzia katikati ya kila upande, na kabla ya kufika kona hupapasa sponji kwa kiganja kama anayeijulia hali. Kila baada ya miaka michache huvivisha upya viti vyake sita vya mezani, halafu huvifunika plastiki ngumu, na wajukuu hukaa wakiteleza huku sauti yake kavu ikiwaonya wasimwage kitu. Mwaka juzi, Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mdogo wao alimwaga mchuzi mwekundu. Alifokewa mpaka akakataa kula. Mwaka jana hawakuja.

Safari hii alinunua kitambaa cha manjano, jora zima, Lorene akamcheka: "Unavalisha viti au kanisa?" Juzi Lorene alishinda gerejini kwa jirani akimshikia kitambaa, na kiti cha sita kilipokamilika akamsogezea plastiki.

"Haya, shoga, tumalizie. Batamzinga anaingia oveni keshokutwa."

"Kaitupe."

"Wewe! Na ule mchuzi?"

Jirani alikikalia kiti cha sita, akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukaegemea. Hakuteleza.

"Mwanangu kapiga simu, wanakuja wote. Nimemwambia yule mdogo akae hapa, karibu na bakuli la mchuzi." Akalipiga kofi jora lililobaki. "Amwage. Unadhani kitambaa chote hiki nilikinunulia nini?"