Nzohe wa Saiwa, Baisani wa Saskatchewan

Jumapili baada ya ibada, hapa kwangu Midrand, Afrika Kusini, kaka yangu alipiga simu kutoka Kanada kupanga safari yetu ya Julai. Nikamwambia tena: tusiende Banff, ambako watu hubanana kupiga picha ya ziwa lilelile. Twende Grasslands, hifadhi ya Saskatchewan inayopata wageni wachache, tuone baisani, wale nyati wenye nundu na manyoya. Au Kejimkujik, upande wa mashariki, tupige kasia katikati ya misitu.

“Grasslands ni nyasi tu, dada,” akasema. “Watoto watakuuliza mbona umewaleta malishoni.”

Watoto wangu, waliozaliwa hapa na wanaonijibu kwa Kiingereza hata nikiwagombeza, walimsikia kwenye spika ya simu, wakacheka. Eish.

Na huyu ndiye kaka niliyekua naye kando ya kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, Kenya. Watalii walikipita wakikimbilia simba kwingine, kwa sababu Saiwa huingii na gari. Likizo ya Agosti nyanya alitupeleka alfajiri, mahindi ya kuchemsha yakiwa moto ndani ya leso. Tulipanda jukwaa la mbao, matete yakinuka tope chini yetu, tukamngoja nzohe, swala wa majini ambaye akishtuka huzama akaacha pua tu. Mahindi hayaliwi kabla nzohe hajatokea. Nyanya alidai kutafuna kwetu kunasikika hadi Uganda. Tukinung’unika alisema, “Mwenye haraka akaangalie ng’ombe.” Kaka ndiye aliyetulia kuliko sote. Akiona masikio kwenye matete, alinigusa kiwiko tu.

Nyanya hayupo. Shamba lake limegawanywa, mahindi yamepandwa hadi ukingoni mwa kinamasi, na mara ya mwisho nilisikia redio ya jirani nikiwa jukwaani. Nilitaka watoto wakae hivyo angalau asubuhi moja, na mjomba wao.

Jana kaka aliandika kwamba amekubali: Grasslands, nusu siku, tukiwa njiani, bila kushukashuka garini. Nimemjibu: basi, twende Banff, ziwani. Wanyama wa kuchungulia dirishani wapo tele hapa Afrika Kusini.

Lakini wewe unayesoma, ukijaliwa kufika Grasslands, zima gari, tembea, keti. Mnyama akitokea usinitumie picha. Nieleze tu ulivyomngoja.