Nyumba ya Ghorofa Aliyolelewa Bibi

Nikisikia harufu ya petroli iliyochanganyika na ngozi ya viti iliyopikwa na jua, hufungua dirisha, na wala si kwa sababu ya joto. Ndiyo harufu ya gari la mjomba Salehe, siku tuliyompeleka bibi Bagamoyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwingereza alikuwa bado yupo, nasi tulikaa Visiga: mimi, mama, na bibi mzaa mama, ambaye kila mtu alimwita Bi Faida. Mjomba alikuwa na duka Kisarawe, na mwaka ule alinunua gari kuukuu kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, lakini aliliosha kila asubuhi, akalifuta hadi uvunguni.

Niwaambie jambo ambalo ukoo wetu ulijivunia kuliko yote. Bibi alilelewa Bagamoyo, katika nyumba ya ghorofa. Mwenyewe alilisema mara moja tu, mama akiwa bado mdogo, na hakuongeza neno. Sisi ndio tulioongeza. Mjomba aliongeza mazulia, sahani za Kichina, na babu mwenye kilemba. Watu walipomwuliza asili yake alijibu, "Mama yangu ametoka ghorofani," na kwenye shughuli za watu alikaa mbele.

Basi aliposikia kwamba nyumba ile, iliyokuwa ya tajiri mmoja wa zamani, imefunguliwa, watu wanaingia kutazama vitu vya kale, hakulala. Alifika Visiga asubuhi na mapema, amevaa kanzu mpya.

"Shikamoo mama. Vaa, nakupeleka kwenu."

Bibi alikuwa akichambua kisamvu. Aliendelea kuchambua hadi mjomba akadhani hakusikia. Kisha akanawa mikono, akaenda kuchukua buibui lake. "Tutakwenda na huyu mtoto," alisema.

Tulipita Mlandizi, tukakata njia ya Bagamoyo. Vumbi jekundu liliingia kwenye matundu yote ya gari, na mara tatu tulisimama kuipa injini maji. Mjomba alisema njia nzima. Bibi alikaa mbele, mikono juu ya magoti, hakugeuza shingo hata mara moja.

Mtunzaji wa nyumba alikuwa mzee mwembamba mwenye tarbushi, mpole wa maneno. Alitupandisha juu kwanza, akatuonyesha kitanda cha nguzo nne na saa iliyosimama. "Mama, chumba chako kilikuwa kipi?" mjomba aliuliza kwenye kila mlango. Bibi alitembea akijibana ukutani, kama mtu anayeogopa kufukuzwa.

Tuliposhuka, mtunzaji alitupeleka nyuma, kwenye chumba cha chini chenye tundu moja la hewa.

"Humu walikuwa wakiweka pembe za ndovu."

"Pembe zilikaa kule mbele," bibi alisema. "Humu tulilala sisi."

"Ninyi nani, bibi?"

"Watoto tulioletwa kutoka bara."

Mjomba alicheka kidogo. "Mama amechoka na safari." Lakini bibi alikwishainama, ameingia, nami nyuma yake, ameshika ukuta wa pembeni kwa kiganja. Alizungumza bila kututazama. Alisema aliletwa pamoja na mdogo wake wa kike, kwa miguu, siku nyingi asizoweza kuzihesabu. Tajiri aliyewanunua aliwapa majina pale pale uani. Yeye aliitwa Faida, mdogo wake akaitwa Ziada. Mdogo wake akashikwa na ndui. Asubuhi moja bibi alitumwa kisimani, na aliporudi na maji, mahali pa mdogo wake palikuwa patupu, pamefagiliwa.

"Walimzika wapi?" bibi alimwuliza mtunzaji.

Mzee yule alikwenda kuleta daftari lake kubwa. Ndani yake mlikuwa na majina ya wageni wa tajiri, wapelelezi wa Kizungu, maofisa. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa hadi ukurasa. Mwisho akalifunga.

"Humu hayumo, bibi."

"Najua hayumo," bibi alisema. "Nilitaka tu mtu amtafute."

Wakati wa kurudi mjomba alikaza macho njiani hadi tulipopita Mlandizi. Kisha, bila kugeuka, akaniambia, "Uliyoyasikia leo, hukuyasikia. Umenielewa?"

"Ndiyo, mjomba."

Bibi alikuwa kando yake, anasikia yote.

Nyumbani mama alituuliza habari za huko. "Nzuri," mjomba alijibu. "Nyumba kubwa kweli kweli." Bibi akanitazama. Nami nikatazama chini, nikaenda kukoga nitoe vumbi.

Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Mjomba aliacha kuitaja ghorofa, na Visiga akawa haji ila siku za sikukuu. Mara nyingine bibi alikuwa akisuka ukili wa mkeka, ananiita nikae karibu, kisha ananitazama kama mwenye neno. Nilikuwa nikikaa kidogo tu, nakimbilia michezo. Tulimzika wakati wa masika, kaburi likijaa maji huku wanaume wakiyachota kwa ndoo.

Utotoni nilidhani mjomba alikasirika kwa kuwa nyumba ile haikuwa yetu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba aliona aibu kwa ubaya uliofanywa na watu wengine, akamtwisha mama yake aibu hiyo. Sehemu yangu mimi nilichelewa zaidi kuielewa. Bibi hakunyamaza kwa kupenda. Alikuwa akingoja kuulizwa, na mimi, niliyeingia naye katika chumba kile, sikumwuliza hata swali moja.

Majina ambayo bibi na mdogo wake walipewa na mama yao siyajui. Hakuna tena anayeyajua.