Nani Anaburuta Gunia Lako

Katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile mjomba wangu Sulle alipokataa kuburuta gunia. Nitaifikia, usiniharakishe.

Mjukuu wangu Boay, Jumapili ulikuja baada ya ibada ukakalia kigoda changu, ukaniuliza, "Bibi, wewe ulicheza gofu. Mtu kama mimi anaweza kufika sifuri?" Nikajifanya nachambua maharage. Sikukujibu kwa sababu Paskalina mkeo alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na jibu langu halikuwa la kumwagwa mbele ya mama anayenyonyesha. Nimeona niandike. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, usiucheke. Wenye mwandiko mzuri wote wamekwambia unachotaka kusikia.

Unasema unaacha kazi ya kuendesha watalii kwenda kreta kutazama wanyama. Unahamia Arusha miaka miwili, ushinde uwanjani mpaka namba yako ishuke kutoka tisa hadi sifuri, na Paskalina abaki na shamba. Umeona kwenye simu kijana wa Ulaya aliyeweza kwa mwaka mmoja. Simu haikukuonyesha nani alimpikia.

Karatasi hii wataisoma na wadogo zako wasiojua gofu, basi nieleze kidogo. Kila mchezaji wa ridhaa ana namba yake, wanaiita handikapu. Ni mikwaju unayosamehewa kwa sababu hujui vizuri. Ukizidi kujua wanakupunguzia msamaha. Aliyefika sifuri hasamehewi hata mkwaju mmoja, anacheza kama uwanja unavyodai. Ndiyo maana watu wanaitamani. Ni sawa na kusimama mbele ya mzee mkali na kumwambia, nihesabu, sitaki huruma.

Mimi niliitamani kabla mama yako hajazaliwa. Shamba la kahawa nililokuwa nachuma lilikuwa na mashimo tisa ya gofu, yamechimbwa katikati ya miti ya kahawa na malisho ya ng'ombe. Mwenye shamba alikuwa mgeni mmoja mzee, mguu mmoja mbovu. Waliombebea mifuko ya fimbo za gofu walikimbilia migodini, akanipa mimi nimbebee. Siku moja akanipa fimbo kwa utani, nipige. Nikapiga. Mpira ulivuka korongo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulivuka. Alikaa chini kwenye nyasi akaniangalia kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti.

Sijisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Mwaka wa kwanza namba yangu ilikuwa ishirini, wa pili kumi na moja, wa tatu nne. Wanaume wa mashamba ya jirani waliokuja Jumamosi nikawa nawashinda mmoja mmoja, nimevaa sketi na raba za kuazima. Mwenye shamba akaniambia, "Kuna mashindano Arusha. Ukicheza huko kama unavyocheza hapa, watakuchukua wakufundishe mpaka sifuri, halafu utakuwa mwalimu wa mchezo huu." Nikamwahidi mama nyumba ya bati. Alikuwa na mimi tu, baba alishafariki, na shamba letu la mahindi na mbaazi lilikuwa la mikono miwili, yake.

Sasa sikiliza kuhusu gunia. Sisi hatukuwa na maji ya kumwagia nyasi laini pale penye shimo. Tulikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya matrekta, ukashindiliwa. Mpira wako ukifika hapo, mtu anaburuta gunia kutoka kwenye mpira mpaka shimoni kufuta nyayo, halafu unasukuma. Mburuta gunia alikuwa mjomba Sulle, kaka wa mama. Wengine aliwaburutia mara moja, shingo upande, huku anakohoa. Mimi aliniburutia mara tatu, na mara ya tatu alikanyaga gunia kwa mguu. Njia ikabonyea kama mfereji wa maji. Mpira wangu ulikuwa unaenda shimoni kama ndama anayekwenda kwa mama yake. Niliona. Nilijua. Nikajiambia ni mkono wangu.

Tena kulikuwa na zamu. Hata leo huku kwetu bado mnaijua, ingawa mnaikimbia. Palizi hatupalilii peke yetu. Leo majirani wote kwako, kesho kwa mwingine, mwenye zamu anatoa uji na pombe ya mtama. Asiyekwenda kwa wenzake mara tatu, siku yake inarukwa. Hakuna kesi wala matusi. Wanapita kwenye kijia chako na majembe begani, wanakusalimu vizuri kabisa, wanaendelea.

Nilikosa kwa jirani yetu Mama Tarmo, niko uwanjani. Nikakosa kwa wazee wa bondeni, niko uwanjani. Mara ya tatu Mama Tarmo alisimama njiani na jembe lake akamwambia mama, nami nasikia, "Dada, huyu binti yako tumuombee. Kutwa anapiga nyasi za watu kwa rungu, na nyasi za kwao zinamsubiri."

"Anatafuta sifuri," mama akasema.

"Sifuri? Si angekuja kwangu. Ghalani kwangu zimejaa."

Wakacheka wote, mama pia. Mimi nilimchukia Mama Tarmo miaka mingi kwa maneno yale. Leo sioni alikosea wapi.

Siku moja kabla ya kwenda Arusha nikacheza mara ya mwisho nyumbani. Shimo la kwanza, mpira umekaa hatua sita kutoka tunduni. Nikamngoja mjomba. Alikuwa amesimama, gunia limekunjwa kwapani.

"Buruta, mjomba."

"Leo sukuma hivyo hivyo."

"Kuna nyayo za ng'ombe."

"Naziona. Sukuma."

Nikasukuma. Mpira ukaingia kwenye alama ya kwato, ukatoka upande, ukalala. Nikasukuma tena, na tena. Nikamgeukia kwa hasira nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii kaka wa mama yake. Nilimwambia ananionea wivu kwa kuwa yeye atakufa na gunia mkononi.

Hakupandisha sauti. "Namba uliyonayo tumeipiga wawili," akasema. "Wewe kwa fimbo, mimi kwa gunia. Kesho unakwenda na fimbo. Nilitaka uijue namba yako mwenyewe kabla watu wa Arusha hawajakuonyesha. Na nyumbani, mwanangu, nani anakuburutia? Umewahi kuuangalia mgongo wa dada yangu?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilibeba fimbo nikaenda.

Arusha penye shimo pana nyasi kweli, zimenyolewa kama kichwa cha askari, zinateleza kama sahani yenye mafuta. Shimo la kwanza niligusa mpira kidogo tu, ukapita tundu, ukashuka mteremko, ukatoka nje kabisa. Nikausukuma urudi, ukapita tena. Kina mama waliovaa kofia nyeupe waligeuza macho pembeni kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko kicheko. Nilimaliza kwa mikwaju tisini na saba. Mwenye shamba, aliyekuja nami, aliijumlisha kadi yangu ya mikwaju mara mbili, akatoa kalamu akaifuta nne yangu, akaandika kumi na tisa. Hakunilaumu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema anayecheza kwao tu anageuka kipofu.

Nilirudi kwetu Karatu juu ya lori. Nilishuka barabarani nikaingia kwa nyuma, kupitia shambani. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, mahindi yamegeuka njano katikati yake. Siku yetu ya zamu ilikuwa jana yake, na watu walikuwa wamepita. Mama alikuwa amepiga magoti, anang'oa kwa mikono, kwa sababu kiuno kilikuwa hakimruhusu tena kuinamia jembe. Alikuwa amefanya mistari minne. Iliyobaki sikuihesabu.

Akainua kichwa. "Imepatikana?"

"Bado, mama."

"Basi jembe liko pale kwenye mbaazi. Anza mstari ule."

Tulivuna kidogo sana. Na mgongo wake haukunyooka tena. Mpaka tunamzika alitembea anaangalia ardhi, na kila alipopita mbele yangu nilijua anaangalia nini.

Utadhani niliacha. Sikuacha, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Niliendelea miaka sita zaidi. Safari hii nilikwenda zamu kwanza, na nilicheza bila gunia, mjomba anakaa kwenye jiwe ananiangalia. Nikashuka toka kumi na tisa mpaka kumi na moja na nusu. Mwaka mzima uliofuata, nusu mkwaju. Mwaka mwingine, hakuna. Umewahi kutikisa kibuyu cha maziwa? Siagi ya kwanza inakuja upesi, unafurahi. Ile ya mwisho utatikisa mpaka jua lizame na mkono ufe, na ukifungua unakuta maji. Mjomba alikufa namba yangu ikiwa kumi na moja. Mwenye shamba aliondoka, wakalima ngano juu ya mashimo yote tisa. Leo ukipita pale huoni kitu.

Basi jibu lako hili hapa, nalitoa bila sukari. Kwa miaka yote niliyobeba mifuko na kucheza, sifuri nimemwona mmoja. Alikuwa mtoto wa mtunza uwanja, amezaliwa uwanjani, ameshika fimbo kabla hajashika kijiko. Alipooa na kupata watoto namba ikapanda tena hadi tatu, akanywa pombe kwa huzuni. Wewe umeanza ukiwa na miaka ishirini na sita. Ukiniuliza inawezekana, nitasema ndiyo, kama mvua kubwa inavyowezekana kule Baray kwenye ukame, mwezi wa nane. Hakuna anayepanda mbegu kwa kuitegemea mvua hiyo.

Na ninajua hutanisikia. Nilimwambia mama yako mengine, hakusikia. Mimi niliambiwa na mtu aliyenipenda kuliko macho yake, sikusikia. Labda ndivyo ilivyo, kila mmoja wetu lazima akapimwe Arusha yake. Lakini nisiposema nitakufa na deni la maneno, na madeni yangu mengine yanatosha.

Nasaha yangu ni hii. Ipende tisa yako, ni namba ya mwanaume. Cheza Jumamosi, rudi nyumbani, endesha gari lako. Usiipime nguvu yako mahali ambapo mtu anakusawazishia njia. Na kabla hujahesabu mikwaju iliyobaki, mtazame anayeburuta gunia. Kwangu walikuwa wawili, nikamtukana mmoja na kumvunja mgongo mwingine. Kwako ni mmoja, anaitwa Paskalina, na Jumapili, wakati unaniuliza habari za sifuri, alikuwa anabadilisha mguu wa kusimamia, kwa sababu kigoda umekikalia wewe.

Kesho ni zamu ya palizi kwenu. Nitakuja na jembe langu, mzee hivi hivi. Nikikukuta shambani nitafurahi. Nisipokukuta nitashika mstari wako, na sitauliza.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na jicho linaloona pembeni. Akupe mavuno yanayotosha, na mgongo wa mkeo aulinde unyooke mpaka uzeeni. Namba yako ikigoma kushuka, akujalie moyo usiogoma kushuka. Wangu haujakubali mpaka leo; jioni nikiwa peke yangu bado nashika mpini wa jembe kama fimbo.