Ukuta wa Makaburini

Eeddo Weris, shangazi yangu wa mtaa wa Waberi, ana mikono iliyochanwachanwa na miiba hadi viwikoni. Ni miiba ya kaburi la mumewe. Kila nikikisimulia kisa hiki hasira hunipanda, kwa hiyo mnivumilie.

Makaburi yale ya upande wa mto zamani yalikuwa shamba la babu yangu, baba yake Weris. Alilima vitunguu, tikiti na ndizi kwa maji ya Tana. Wakati wa hali ya hatari askari waliingia, wakang'oa migomba, wakazungusha seng'enge na kumwaga zege nusu ya shamba wapate pa kujenga mabweni na kuegesha magari. Hakuna aliyemuuliza babu lolote. Walipoondoka miaka mingi baadaye, mabati waliyabeba, zege wakaliacha, na mchanga ukalifunika. Babu alikuwa mzee hoi. Akaitoa ardhi iwe wakfu, Waislamu wazikane humo, akisema maiti angalau hawafukuzwi.

Wakfu hauna mwenyewe. Hata mtoto wa madrasa analijua hilo. Lakini Haji Dagane, mfanyabiashara wa ng'ombe, alileta matofali akajenga ukuta kuuzunguka upande wenye udongo laini, ule usiomwagiwa zege, akatia geti na kufuli. Eti anazuia mbuzi. Mbuzi gani? Humo ndani kulikuwa na kaburi la mamake tu, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya jamaa zake ambao bado walikuwa mjini wakinywa chai. Sisi wengine tukaachiwa zege. Wazee wa msikiti walinung'unika majumbani mwao, hadharani wakafyata ndimi, kwa sababu Ramadhani ikifika Haji hutoa futari. Aibu tupu.

Salat, mume wa Weris, ndiye aliyekuwa akiwachimbia watu makaburi kwa ajili ya thawabu. Hakuwahi kumkatalia mtu. Alipofariki yeye, vijana walichimba upande wa zege na mtaimbo ukawa unaruka tu. Wakasogea huku, wakasogea kule, jua linawaka, maiti anangoja. Weris alituma mtu kuomba geti lifunguliwe, akajibiwa kuwa ufunguo umesafiri na Haji. Mwishowe Salat alilazwa katika shimo linalofika magotini, bila mwanandani wa kumlaza ubavuni mwa kaburi, akawekewa mawe machache na matawi ya miiba kumzuia fisi.

Fisi alikuja. Hakumfikia, alhamdulillahi, lakini aliiburuta miiba, na tangu hapo kila asubuhi Weris alikwenda kuirudisha kwa mikono yake. Wanawake wa kwetu hawajazoea kwenda makaburini, na alisemwa sana. Waliomsema hakuna hata mmoja aliyejitolea kumsaidia.

Mwaka jana Haji Dagane naye akafa. Kwetu, kabla ya kuzika, wafiwa huwaomba watu wamsamehe marehemu, na watu huitikia kwa pamoja kwamba wamemsamehe. Huwa ni jambo la dakika moja. Safari hii haikuwa hivyo, kwa sababu Haji alipoona roho inamtoka aliwausia wanawe wasimzike kabla Weris hajamsamehe. Dhuluma ya mja humalizwa na mja mwenyewe, na Haji hakutaka kwenda nayo mbele ya Mungu.

Bare, mwanawe mkubwa, akaja Waberi. Alivua viatu mlangoni akaketi chini kwa adabu ambayo sijawahi kumwona nayo. Mimi nilimmiminia chai, hakuigusa.

"Eeddo, baba ameshakafiniwa," akasema. "Watu wanangoja. Tafadhali msamehe."

Weris alikuwa akitoa mwiba kiganjani kwa pini. Aliumaliza kwanza.

"Ukuta hiyo ifunjwe," akasema. "Yote. Halafu mimi nasamehe."

Bare aliapa kuwa utavunjwa mara tu baada ya mazishi. Weris akamwambia kuwa Salat naye aliwekwa juani.

Basi ukuta ukavunjwa siku ileile, na wana wa Haji wenyewe, kanzu zao zimejaa vumbi, jeneza la baba yao likiwa kando na umati ukitazama. Nilifurahi, na siombi radhi. Tofali la mwisho lilipoanguka, Weris alisimama mahali lilipokuwa geti, mbele ya wanaume wote, akatamka wazi kwamba amemsamehe Dagane. Wakamzika kwenye udongo laini, karibu na mamake. Kisha Weris akawaonyesha wanawe yale matofali, akawaamuru wayabebe wakamfunike Salat. Walibeba mpaka magharibi, na hakuna mzee aliyethubutu kuwatetea.

Walipomaliza, Bare alimwendea akihema, akamuuliza kama na wao sasa wamesamehewa.

"Kesho fisi ikikosa kumfikia Salat," Weris akamwambia, "njoo uniulize."