Dumu la Kurudi Nalo

Madumu matupu yakigongana yana mlio wake, na mimi nikiusikia, hata nikiwa hapa Korogwe mjini, huongeza mwendo kama mtu aliyechelewa shule. Niwaeleze sababu.

Shule yetu ya msingi huko Kang'ata haikuwa na maji. Kila mwanafunzi alitoka kwao na madaftari mkononi na kidumu kichwani, na mwalimu wa zamu alikagua vidumu kabla hajakagua sare. Aliyekuja mikono mitupu alirudishwa lamboni kuchota. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya ng'ombe, maana ng'ombe nao walikunywa humohumo. Kwa maji hayo ulipikwa uji, vilioshwa vyoo, na yaliyobaki tuliyapeleka nyumbani kwa walimu. Kuugua tumbo tulikuona jambo la kawaida tu, kama mafua.

Kiangazi lambo lilikauka, tukawa tunafukua mchanga korongoni na kusubiri maji yajikusanye. Hapo ndipo dada yangu Mwajuma alipokuwa akipotea darasani. Mama alishafariki, tulilelewa na Bibi mzaa baba, na kwetu msichana mkubwa wa nyumba ndiye mchota maji. Mwajuma alikuwa mkali wa hesabu kiasi cha kunikera, lakini kila kiangazi alibaki nyuma ya wenzake, na Baba alishaanza kusema labda inatosha, kusoma na kuandika si anajua.

Nilipokuwa darasa la nne kikachimbwa kisima kirefu pale shuleni, likawekwa tangi na mabomba. Si wote walioyaamini maji yale. Bibi alipoletewa ya kwanza aliyatia unga wa mbegu za mlonge, kama alivyozoea kufanya ili tope lizame, akakaa kuyasubiri. Hakikuzama kitu. Akayaonja, akasema ni mepesi mno, hayakati kiu.

Shule ikabadilika bila kishindo. Uji ukawa unaiva mapema. Tulinawa mikono mpaka ikasinyaa, kwa utundu zaidi kuliko usafi, na wasichana wakubwa wakaacha kukosa siku kadhaa kila mwezi kwa sababu choo chao sasa kilikuwa na maji. Kisha kamati ya shule ikaweka utaratibu kwamba aliyehudhuria masomo mpaka kengele ya mwisho ataruhusiwa kurudi kwao na dumu moja. Basi vidumu vikageuza safari, vikawa vinakwenda vitupu asubuhi na kurudi vimejaa jioni. Baba, yule aliyekuwa akisema inatosha, ndiye aliyekuwa akituamsha.

Mwajuma alikuwa darasa la saba Baba Mdogo alipokuja kutoka Mnyuzi. Mkewe alikuwa amejifungua, naye alimtaka Mwajuma akawasaidie kulea mtoto. Alizungumza kwa upole, akasema shule hata Mnyuzi zipo, ingawa sote tulijua hatakanyaga darasani. Baba alikubali kabla chai haijapoa. Mwajuma aliinamia ungo wa mchele, akawa anachambua mawe ambayo hayakuwepo. Niliogopa sana, maana sikuwahi kulala bila yeye.

Bibi akasema, "Mtoto haendi. Akiondoka, maji nitaletewa na nani?"

Baba na Baba Mdogo wakatazamana. Mimi nikajitosa. "Bibi, kwani mimi si naleta? Pipa limejaa."

"Wewe nani kakuita? Nenda kaoshe vyombo."

Niliviosha nikilia kwa hasira. Nilitaka dada abaki, lakini niliumia kuona vidumu vyangu havihesabiki, na nilimwona Bibi mchoyo, mtu wa kumng'ang'ania mjukuu kwa ajili ya maji ambayo hata kuyapenda hayapendi. Kesho yake Baba Mdogo aliondoka peke yake. Mwajuma akafanya mtihani, akafaulu, akapangiwa sekondari ya bweni, mbali ambako asingeweza kumletea Bibi hata kikombe. Siku ya kuondoka Bibi alimfungashia nguo na karanga za kukaanga, akamsindikiza mpaka barabarani. Kuhusu maji hakusema neno.

Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipoelewa. Bibi angesema anataka msichana asome, wanawe wangebishana naye, na huenda wangemshinda. Kwenye maji hawakuwa na la kusema, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyachota.