Miaka Yangu ya Kuwauliza Waandishi Nani Alikuwa Akipika

Mwaka nilioingia kazi ya redio ni ule ambao unga wa sima ulipotea madukani, tukala muhogo wa kuchemsha asubuhi, muhogo wa nazi mchana, na jioni muhogo wa kukaanga ili tuone tofauti. Watu wa Ukunda wa umri wangu wanaujua. Nyinyi wadogo waulizeni mama zenu, mtaona wanavyokunja uso.

Mimi nilikuwa muuza mahamri. Unga wa ngano ulikuwapo, kwa hiyo mwaka ule nilikuwa mtu wa maana sana. Nilipita na beseni langu ofisi hadi ofisi, na ofisi ya mwisho ilikuwa redio yetu ya jamii, ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari. Redio ya jamii ni redio ndogo. Yetu ilisikika kutoka Tiwi hadi Msambweni, na siku mtambo ukinuna, ilisikika hadi kwenye ngazi. Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma nilikuja kumalizia ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, nina watoto wanne na kalamu moja.

Siku hiyo ya kwanza nilimkuta bawabu wa hoteli moja ya Diani amekaa kwenye benchi, kitabu mapajani, anatokwa jasho. Ameandika riwaya, ameitwa kuhojiwa. Nikamsalimu kama mtu anavyosalimiwa. Ameamkaje, nyumbani hawajambo, mama yake mguu unaendeleaje, maana kila mtu ana mama na kila mama ana mguu. Tulipomaliza salamu alikuwa ameshanieleza kwamba riwaya yote aliiandika getini, nyuma ya karatasi za kitabu cha wageni, mpaka siku bosi wake alipofungua kutafuta jina la mgeni akakuta mtu ameuawa. Nikamuuliza, "Na ulipokuwa unaandika, nani alikuwa akipika?" Akasema mama yake, na mama yake miaka miwili alidhani mwanawe anaandika barua za kuomba kazi.

Basi akaingia studio. Mtangazaji alikuwa kijana msomi, akamuuliza kuhusu dhamira, maudhui na mtindo. Bawabu akajibu, "Ndiyo." Akaulizwa tena, akajibu, "Ndiyo." Mara ya tatu hakujibu kabisa. Hicho kinaitwa kimya cha hewani, nacho ndicho ugonjwa mbaya kuliko yote redioni. Sekunde kumi bila sauti na mji mzima unaanza kuzipiga redio makofi ukidhani betri zimekwisha.

Mkurugenzi, mzee wa Msambweni mwenye adabu zake, alikuwa ametusikia pale benchi kupitia mlango. Akatoka, akachukua hamri moja, akala lote kabla ya kusema.

"Bi Mejumaa," akaniambia, "kesho njoo bila beseni."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna cheti nilichoulizwa, na hakuna nilichokuwa nacho.

Kazi yenyewe nilifundishwa na fundi mitambo, yule anayekaa nyuma ya kioo na kuongoza sauti. Alinifundisha kwamba taa nyekundu ikiwaka usikohoe, kwamba kipaza sauti hakibusiwi wala hakikimbiwi, kiwe umbali wa shubiri moja, na kwamba bangili zivuliwe mlangoni kwa sababu hewani zinalia kama sahani zinazooshwa. Mengine yote niliyafanya nijuavyo. Mwandishi akikaa, nilimsalimu kwanza. Salamu zangu zilikula dakika sita katika kipindi cha nusu saa, na fundi mitambo alikuwa akinionyesha saa yake kupitia kioo mpaka mkono ukamchoka. Lakini mtu aliyesalimiwa vizuri hawezi tena kukudanganya sana. Anaanza na habari ya nyumbani, na kitabu nacho kinatoka nyumbani.

Jambo la pili, kitabu nilikisoma chote. Nasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na midomo inatembea. Kitabu cha kurasa mia mbili hunichukua wiki nne nikiwa sina msiba wala harusi. Kwa hiyo kipindi changu kilikuwa mara moja kwa mwezi, na Mkurugenzi hakuona tatizo. Alisema aliyekiandika alichukua miaka mitatu, msomaji akichukua mwezi amemwonea huruma.

Nimewahoji wengi. Nilimhoji bibi mmoja wa Vanga mwandishi wa vitabu vya watoto, akasema sehemu ngumu ya uandishi ni makalio. Nilimhoji profesa kutoka Nairobi, vitabu kumi na viwili, aliyeingia studio bila salamu akafungua mkoba. Nikamngoja. Naye akaningoja. Fundi mitambo nyuma ya kioo akashika kichwa. Mwishowe profesa akasema shikamoo, nikamwitikia marahaba, tukaanza. Alieleza nadharia zake vizuri, sikuelewa hata moja, nikamwambia. Kisha nikamuuliza nani alikuwa akipika alipokuwa anaandika. Alifunga kwanza ule mkoba wake. Halafu akataja jina la mkewe. Akasema kuwa katika vitabu kumi na viwili hajaliandika hata mahali pamoja. Cha kumi na tatu kilipotoka aliniletea, nikafungua ukurasa wa mbele, mama wa watu yupo.

Mkurugenzi akastaafu, akaja Meneja wa Vipindi kutoka bara. Kijana mchapakazi, simlaumu, ila alinisalimu "Sasa, mathe," na mimi nikabaki nimekaa nikingoja salamu. Alitaka kipindi kiwe kila wiki. Alisema vitabu havihitaji kusomwa, kuna maelezo nyuma ya jalada. Nikamwambia na yeye nyuma ya shati lake pana maelezo ya namna ya kulifua, je, nimeshamjua?

Siku moja akanijia na kitabu cha maisha ya mheshimiwa mmoja. Jalada linang'aa, picha yake ameinua mkono. Mheshimiwa anakuja studio baada ya siku tatu, nami niseme hewani kwamba nimekisoma na ni kizuri. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa ukurasa wa tisa.

"Mama, sema tu ni kitabu poa," Meneja akasema. "Ni maneno mawili. Hii kazi yako iko hapo."

Alimaanisha nisiposema, kazi sina. Nilimwelewa. Nyumbani nilikuwa na mjukuu, Rukia, darasa la tano, kazi yake kuchora paka kwenye daftari za hesabu. Aliniingia yeye mdomoni kwa kuwa ndiye niliyempenda kuliko vyote, wala sikuwa na habari kwamba najiwekea mtego.

Nikamwambia, "Kitabu nisichokimaliza sikisifu, hata kiwe cha mjukuu wangu."

Taa ikawaka. Nikamsalimu mheshimiwa dakika zangu sita, nikawatangazia wasikilizaji kwamba nimefika ukurasa wa tisa na hapo ndipo nitakapoulizia. Nikamwambia yale mambo ya kuchunga mbuzi kule Samburu mpaka miaka kumi na mitano yamenigusa sana. Mheshimiwa akacheka, akasema yeye mbuzi anawaogopa tangu utoto, amekulia Matuga, baba yake karani wa serikali. Nikamfungulia ukurasa wa tisa. Akavaa miwani. Akausoma wote, polepole, kwa kidole, kama mimi.

Kumbe mwenzangu alikuwa hajafika hapo. Nilikuwa nimemtangulia.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa Kinango. Barua ilisema nakwenda kuimarisha kituo kidogo cha kurekodia. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja karibu na mnada wa mifugo, kina meza, na kina pipa la maji lisilo na maji. Waandishi wa kuhojiwa huko hawakuwapo, isipokuwa daktari wa mifugo aliyeandika kijitabu cha magonjwa ya mbuzi. Nilikisoma mara mbili. Ni kitabu kizuri, nilikimaliza, ndiyo maana nasema. Mahojiano tuliyarekodi mnadani na mbuzi wakachangia kila hoja. Watu wa Kinango waliniheshimu, lakini kila mwisho wa mwezi nilikaa nikiitazama ile meza tupu, nikajiuliza kama maneno mawili yangeniua.

Kilichonirudisha ni wasikilizaji. Kijana msomi alikuwa amerudi na dhamira zake, wakapiga simu kuuliza yuko wapi yule bibi wa nani alikuwa akipika. Walipiga miezi minne. Meneja akanifuata Kinango mwenyewe, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Bi Mejumaa." Nikajua narudi Ukunda.

Nilifanya miaka mingine sita. Ikawa watu madukani wanauliza, hiki Bi Mejumaa amekimaliza? Kama sijakimaliza, wanakirudisha rafuni. Si sifa niliyoitafuta, na iliwaumiza waandishi wengine ambao kosa lao lilikuwa kuandika kirefu. Nilistaafu macho yalipoanza kuona mistari miwili pahali pa mmoja. Nikapasuliwa mtoto wa jicho, nikarudi nyumbani kupika.

Na niliyempikia ni Rukia. Amemaliza chuo, ameacha paka, amejifungia chumba changu cha uani miaka miwili na kompyuta ya kuazima. Sahani ilikuwa ikiingia imejaa inatoka nusu. Hakuniambia anaandika nini nami sikumuuliza, ingawa nilipitapita dirishani zaidi ya mtu anayetafuta kuku. Jumanne iliyopita akaniwekea kitabu mapajani. Jina lake juu, kubwa. Nilikishika, nikakinusa, nikakipeleka nyumba saba, hata kwa jirani tusiyesalimiana.

Kisha akasema kinazinduliwa Jumamosi, ukumbi wa maktaba, Kwale. Kurasa mia mbili na kumi na nne.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ukurasa wa ishirini na saba. Ningefika mbali zaidi, lakini pale kuna mwanamke anapanda ngazi za duka la misumari na beseni kichwani, na ukurasa huo nimeusoma mara nne. Mwanangu Mwanaisha, mamake Rukia, alinisihi tangu Ukunda mpaka tunashuka Kwale. Katoni tano za vitabu, mama, na hao watu wanangoja kauli yako. Neno moja tu, mama, ni damu yako. Rukia yeye hakuniomba. Alikaa mbele ameinamisha kichwa, kama yule bawabu wa benchi.

Nimekwisha kuwaambia wadogo wa redio kwamba kazi hii haihitaji sauti nzuri. Inahitaji watu wajue ukisema kizuri, kweli ulikuwapo mpaka mwisho wake. Mimi sina kingine nilichostaafu nacho. Ila sikuwahi kuwaambia kwamba siku moja kazi hii inaweza kukutaka ufanye hivyo hata kwa mtu wako mwenyewe.

Wakanipa kipaza sauti. Nikakiweka shubiri moja, nikavua bangili. Nikamsalimu Rukia kama mwandishi yeyote, dakika zangu zote sita, ameamkaje, nyumbani hawajambo, na bibi yake macho yanaendeleaje. Alijibu moja moja, ukumbi unacheka, mpaka mabega yakamshuka. Ndipo nikamuuliza.

"Ulipokuwa unaandika, nani alikuwa akipika?"

"Ni wewe, bibi," akasema.

Watu wakapiga makofi na vigelegele, Mwanaisha analia bila kujificha, na katoni ya kwanza nikaona tayari inafunguliwa. Mshereheshaji, kijana ambaye hakunijua, akaona mambo yamekuwa matamu, akainama na kuniuliza mbele ya wote: basi bibi, utuambie, kitabu ni kizuri?

Rukia akaniangalia, akaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo.

Nikasema, "Kitabu nisichokimaliza sikisifu, hata kiwe cha mjukuu wangu."